Matumbo Thelathini

Ijumaa, 31 Oktoba

Dokta Ornella amekuja kutoka maabara ya Sassari akaniachia chekeche tatu, vibano, mitungi ya spiriti, lenzi, na daftari la kijani la hesabu. Hili jeusi nimelinunua mwenyewe, kwa mambo ambayo hayana safu katika lile la kijani.

Kazi yangu ni hii. Kila Jumapili, hadi tarehe 25 Januari, wawindaji wa kijiji chetu, Ortuvai, wanaingia msituni kuwinda nguruwe mwitu. Mimi nitawaomba tumbo la kila nguruwe, nilifungue, nichekeche kilichomo, nitenge wadudu na kuwahesabu. Dokta anataka kujua nguruwe wa mialoni yetu wanakula wadudu gani, na kwa wingi gani. Anahitaji matumbo thelathini. Yakipungua hata moja, msitu wetu unatolewa katika utafiti. Yakitimia, maabara itanichukua Februari nikajifunze kazi kwa miaka miwili. Tangu nimalize shule mwezi wa saba, hakuna mtu mwingine aliyenitaka kwa lolote.

Mama alipoelezwa alicheka. "Huyu asiyeweza kuomba chumvi dukani ndiye atakayeomba matumbo?"

Ni kweli. Dukani huwa nasubiri mpaka niulizwe.

Jumapili, 2 Novemba

Wawindaji wako kumi na tisa, na Baba ni mmoja wao. Wanakutana kwenye zizi la Mzee Bore, mkuu wao, mwenye ndevu kama za beberu na sauti inayowanyamazisha mbwa. Asubuhi Baba alinisukuma mbele yao akasema, "Sema mwenyewe, Bissenta." Nikasema. Hakuna aliyesikia.

"Anauza nini?" akauliza Gonario, ambaye hawezi kukaa dakika mbili bila kumtania mtu. "Njugu?"

"Anataka matumbo," akasema Mzee Bore. "Ya nguruwe. Ameagizwa na watu wa Sassari."

Jioni walirudi na nguruwe watatu, na Mzee Bore mwenyewe akanikabidhi beseni. Ndani yake yalikuwamo matumbo matatu, meupe kama shuka. Walikuwa wameyapasua, wakayakwangua, wakayasugua kwa siki na limau. Vilivyokuwamo walikuwa wamewamwagia mbwa.

"Hatuwezi kumpa binti wa watu uchafu," akasema.

Wanaume kumi na tisa walikuwa wananitazama, na wawili kati yao bado walikuwa na limau mikononi. Nikasema asante.

Mama ameyapika kwa nyanya. Katika daftari la kijani nimeandika sifuri.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimempigia Dokta. Amecheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Bissenta, sikiliza. Lazima uwaambie kwa mdomo wako kwamba unataka uchafu."

Jumapili, 9 Novemba

Nimewaambia. "Naomba uchafu." Gonario alilazimika kushika lango la zizi asianguke.

Mzee Bore hakucheka. "Kumbe juzi tulikutupia kazi yako kwa mbwa," akasema. Leo nina mawili, yamefungwa kwa kamba juu na chini, mazito, bado ya moto.

Jumatatu, 10 Novemba

Ninafanyia kazi kwenye chumba cha zamani cha jibini, nyuma ya nyumba, kwa sababu kina bomba la maji na Mama hataki harufu iingie jikoni. Tumbo la kwanza lilinitoa nje mara mbili. Kinachojaa ni uji wa njugu za mialoni, wa rangi ya kahawa, unaonuka kama pipa la divai lililosahaulika. Nikaumwagia maji juu ya chekeche, nikamwaga tena na tena, na uji ulipoisha wakabaki wao.

Mabuu wanene weupe, waliojikunja kama sikio la mtoto, wenye vichwa vya rangi ya asali. Mabawa magumu ya mbawakawa, yanayong'aa kijani. Kiwavi mmoja mzima kabisa, utadhani alikuwa amelala. Na mnyama mdogo mwenye mikono kama ya fuko, ambaye sikumjua mpaka nilipofungua kitabu: ni nyenje ambaye bado hajatoka ardhini. Miaka yote nimewasikia nyenje wakipiga kelele kiangazi, wala sikuwahi kujiuliza wanaishi wapi kabla hawajaanza kuimba.

Nimehesabu hadi tisini na sita. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa nane mchana na sikuwa nimekula.

Jumapili, 16 Novemba

Manne. Jumla sita.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua.

Jumapili, 23 Novemba

Matatu. Jumla tisa. Mzee Bore ameanza kuyafungia vikaratasi bila kuombwa. Kimoja kinasema: *Jike. Mnene. Karibu na kisima cha chini. Ardhi laini.* Herufi zake ni za mtoto wa darasa la pili, na "kisima" amekikosea mara mbili akakifuta. Nilikuwa namwogopa tangu utotoni. Leo nimekaa na kikaratasi hicho mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili, 30 Novemba

Matano! Jumla kumi na manne. Usiku wa kuamkia leo mvua ilinyesha, na ardhi chini ya miti imelimwa na pua zao kama shamba.

Jumanne, 2 Desemba

Tumbo la kumi na moja lina mahindi. La kumi na tatu pia, zaidi ya kilo. Hakuna anayelima mahindi ndani ya msitu. Nimeandika "mahindi" na uzito wake.

Jumapili, 7 Desemba

Matatu. Jumla kumi na saba. Siku mbaya.

Gonario aliniletea yale matumbo hadi chumba cha jibini, akasimama kunitazama nikilifungua la kwanza. Mahindi yakamwagika kwenye sinki.

"Hee! Nani anawalisha?"

Nikasema sijui. Kweli sikujua. Akachota konzi moja akatoka nayo, na kabla sijanawa mikono kijiji kizima kilikuwa na habari. Kuwamwagia nguruwe chakula ni kosa kwa sheria, lakini kwa wawindaji wetu ni zaidi ya sheria. Ni aibu, kama kumpiga risasi mgeni uliyemkaribisha mezani. Tena halmashauri ikijua, inaweza kuwanyang'anya msitu.

Kwenye mkahawa walikumbushana kwamba Mzee Bore alionekana Oktoba akishusha magunia. Alipoulizwa alisema ni ya kuku wake, akaweka kikombe chini, akaondoka. Gonario akasema, "Mtu asiye na kosa hujitetea." Baba alikuwepo. Alirudi nyumbani mapema, akasema anaumwa kichwa.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimeyaosha mahindi ya jana. Yakiwa yametoka tumboni ni ya rangi ya matope. Yakioshwa ni mekundu, mekundu ya damu iliyokauka, punje ndogo zenye ncha.

Mbegu hiyo ilikuwa ya bibi, mama yake Baba. Aliitunza kwenye chupa, na hakuna mwingine Ortuvai anayeipanda. Baba hupanda vipande viwili nyuma ya nyumba kwa ajili ya kuku na kwa kumkumbuka.

Nimekwenda ghalani. Pipa linalotakiwa kujaa mpaka Machi limebaki robo.

Jumanne, 9 Desemba

Nimeziweka punje kumi mezani mbele ya Baba, Mama alipokwenda kufua. Alizitazama kama mtu anayesoma barua.

"Utaandika?"

"Nimeshaandika mahindi. Sijaandika ya nani."

Akaniambia yote kwa mkupuo. Miche ya mialoni aliyoipanda baada ya moto uliounguza shamba letu, mia mbili na arobaini, nguruwe wameing'oa karibu nusu. Wanachimba kwenye mizizi. Akafikiri wana njaa. Akafikiri akiwajaza matumbo kando ya shamba, wataiacha miche.

"Gome la kwanza la kutengenezea vizibo vya chupa linabanduliwa mti ukiwa na miaka ishirini na mitano, Bissenta. Mimi nina hamsini na nane. Ile miti ni ya nani, unadhani?"

Nikauliza, "Na Mzee Bore je?"

"Bore ana ngozi ngumu."

Akazikusanya zile punje, akazitia mfukoni, akatoka. Nilidhani Baba haogopi chochote. Anaogopa wanaume kumi na wanane.

Jumatano, 10 Desemba

Baridi. Sina la kuandika.

Jumapili, 14 Desemba

Wameua wanne. Sikupata hata moja.

"Matumbo yako yameleta fitina," Mzee Bore aliniambia, bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Rudi nyumbani, mwanangu. Yazikwe yalivyo."

Watu wengine walikuwa wamekaa mbali naye. Aliyekaa karibu ni mbwa wake, na Baba, aliyempa mkono kama kawaida. Niliuona ule mkono.

Kumi na saba. Zimebaki Jumapili sita.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimemaliza matumbo yote niliyo nayo. Kuna jambo nimeliona na nimelihesabu upya kuwa na uhakika. Lile la kumi na tatu lilikuwa na kilo na zaidi ya mahindi, yaani nguruwe aliyeshiba kabisa. Ndani yake mlikuwa na mabuu mia na arobaini. Lile la kumi na sita ni hivyo hivyo. Walikula mahindi mpaka wakajaa, kisha wakaenda kuchimba.

Nataka kumwambia Baba. Hatuzungumzi.

Jumapili, 21 Desemba

Naandika Jumatatu asubuhi, mambo ya jana.

Nilikwenda zizini kuwaomba tena. Mama alinipa mkate nipeleke, ili niwe na sababu ya kusimama pale. Walikuwa wameua watano na walikuwa wanakata nyama. Nilihesabu mafungu juu ya ubao mrefu: kumi na manane. Mzee Bore alikuwa ameketi kwenye jiwe nje ya ukuta, anasafisha bunduki ambayo tayari ilikuwa safi.

Nyama yetu hugawanywa hivi. Mtu mmoja anasimama akiwa ameuelekea ukuta, haoni kitu. Mwingine anagusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Aliyegeuka anataja jina lolote, na fungu ni la huyo. Hivyo hakuna anayependelewa. Lakini safari hii hawakukubaliana nani ageuke. Kila aliyetajwa, mwingine alikataa.

"Mpeni Bissenta," akasema Gonario. "Yeye hana upande. Tena hana sauti, lakini tutatega masikio."

Wakacheka kidogo. Nikasimama mbele ya ukuta. Mawe yake yana ukungu wa kijivu na wa manjano. Nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya watu wengi hivyo bila kuona nyuso zao, nikashangaa kwamba nilikuwa napumua vizuri.

"Hili la nani?"

"La Gonario."

"Hili la nani?"

"La Lussorio."

Nikataja watano. Fungu la sita.

"Hili la nani?"

"La Mzee Bore."

Gonario akasema, taratibu, "Bore hayumo leo, binti. Taja mwingine."

"Yumo," nikauambia ukuta. "Hakuwalisha yeye. Mahindi yale ni mekundu. Ni mbegu ya bibi yangu, na haipandwi kwingine. Yametoka ghalani kwetu."

Nilisikia kisu kikiwekwa juu ya ubao. Sikugeuka. Kisha nikasikia sauti ya Baba, na ilikuwa nyembamba kuliko ninavyoijua.

"Ni mimi. Mama yake hajui, na huyu aligundua mwenyewe, sikumwambia. Nilikuwa nayamwaga kando ya miche yangu. Tangu Septemba."

"Tangu Septemba," akarudia Mzee Bore. Alikuwa ameshaingia ndani, sauti yake ilikuwa karibu. "Na wiki mbili hizi naitwa mlishaji, wewe unanipa mkono."

"Ndiyo."

"Ungeniambia, Bachisio, ningekutukana siku moja. Sasa itabidi nikutukane mwaka mzima, nami ni mzee, nitachoka."

Mtu akacheka puani. Mzee Bore akaendelea: bunduki ya Baba itapumzika mpaka msimu uishe. Kila Jumapili ataingia vichakani pamoja na mbwa, kuwaswaga nguruwe. Mahindi yaliyobaki yatakwenda kwa kuku, na Gonario atashuhudia.

"Mbwa wenyewe wameulizwa kama wanamtaka?" akasema Gonario. Safari hii wakacheka wote. Halafu akamwambia Mzee Bore, "Nisamehe, Mzee. Mdomo wangu ulinitangulia."

"Mdomo wako umekutangulia tangu ubatizo. Kateni upya, tuko kumi na tisa."

Wakakata upya. Nikafikiri nimeruhusiwa kuondoka, lakini Mzee Bore akasema, "Unakwenda wapi? Mafungu bado." Nikayataja yote kumi na tisa, likiwamo la Baba.

Nimerudi na matumbo manne. La tano lilitobolewa na risasi. Jumla ishirini na moja. Baba alitembea mbele yangu njia nzima, wala hakugeuka.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Baba alimwomba Mama aniombe nimpe chumvi.

Jumapili, 28 Desemba

Matatu. Jumla ishirini na manne. Baba amerudi na miiba hadi masikioni.

Jumapili, 4 Januari

Mvua ya kutisha. Hawakutoka. Mzee Bore alipita nyumbani akiwa amejifunika gunia, akaniambia, "Usiogope, Jumapili bado zipo," kisha akamwuliza Baba kama amejifunza kubweka.

Jumapili, 11 Januari

Manne. Jumla ishirini na manane.

Jumatatu, 12 Januari

Baba aliingia chumba cha jibini. Hakuwahi kuingia tangu nianze. Alisimama mlangoni kidogo, kisha akauliza, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo, "Hivyo vyeupe ni nini?"

Nikampa lenzi. Akaishika kwa ule mkono wake mkubwa wa shoka, akainama. Nikamweleza: mabuu wa mbawakawa, wanaishi ardhini, na wengine wanakula mizizi. Nikamsomea kutoka daftari la kijani: tumbo la kumi na tatu, kilo ya mahindi, mabuu mia na arobaini.

"Alikuwa ameshiba," akasema.

"Alishiba mkate, Baba. Alikuwa anatafuta kitoweo."

Alikaa juu ya ndoo. Niliona wazo likimwingia polepole. "Kwa hiyo mimi niliwatandikia meza," akasema, "na kitoweo kilikuwa chini ya miche yangu."

Sikutaka kukubali, nikaitikia kwa kichwa.

"Mjinga gani," akasema, akaanza kucheka, cheko baya lenye kukwama, mpaka akafuta macho. "Na hawa mabuu wanakula mizizi? Ya miche yangu?"

"Wengine. Sijui bado ni wangapi. Hilo ningependa kulijua."

Akanitazama. "Lijue basi," akasema.

Jumamosi, 17 Januari

Siku tatu tumekuwa tukifunga matawi ya miiba kuzunguka kila mche uliobaki, mmoja mmoja. Ni mia moja na thelathini na sita. Mikono yetu inatisha.

Jumapili, 18 Januari

Moja tu. Ishirini na tisa. Silali vizuri.

Jumapili, 25 Januari

Siku ya mwisho. Hadi saa saba mchana milio ya risasi ilikuwa haijasikika. Nilikaa zizini pamoja na moto na sufuria ya maharage, nikijiambia kwamba ishirini na tisa si aibu.

Saa nane na nusu mbwa wakalia upande wa korongo. Risasi moja. Baadaye sana, mbili. Kisha wakateremka, Baba mbele, matope mpaka kiunoni, na wote walikuwa wanaonyesha vidole viwili hewani, hata wale ambao hawajawahi kunisalimia. Ni mbwa wa Baba waliowatoa nguruwe kichakani. Gonario anasema si mbwa, ni Baba mwenyewe aliyebweka.

Thelathini na moja.

Jumanne, 27 Januari

Tumbo la mwisho tumelihesabu pamoja, Baba na mimi, yeye upande huu wa sahani na mimi ule. Hakuna hata punje ya mahindi. Mabuu mia tatu na kumi na wawili, nyenje wachanga tisa, viwavi kumi na mmoja. Baba alipotea hesabu mara mbili akaanza upya bila kulalamika. Nimempigia Dokta. Amesema chumba changu Sassari kina dirisha.

Jumamosi, 31 Januari

Kesho kutwa naondoka. Baba alinipeleka mkahawani, mahali ambapo huwa siingii. Wawindaji walikuwa wamejaa. Mzee Bore akanisogezea kiti karibu na chake.

Baba alikuwa amekunywa glasi moja tu, lakini alikuwa ameshika uwanja. "Mnafikiri nguruwe anachimba kwa ubaya? Anatafuta mabuu! Binti yangu amewakuta tumboni kwa mmoja tu. Elfu tatu! Elfu tatu, ndani ya tumbo moja!"

"Mia tatu na kumi na wawili, Baba," nikasema.

Mkahawa mzima ukageuka. Nyuso zote, na hapakuwa na ukuta. Nilihisi joto likinipanda shingoni, nikasubiri lifike lilipokuwa linakwenda.

"Ngapi?" akauliza Gonario kutoka mwisho wa meza.

"Mia tatu," nikasema, kwa sauti ya kumfikia, "na kumi na wawili. Na nyenje tisa. Niliwahesabu na yeye."

"Mmesikia," akasema Baba. "Mia tatu na kumi na wawili." Akavuta kiti chake kando, ili walio nyuma yake wanione. "Haya, waeleze habari za hao nyenje."